Usanifu Michoro Shuleni: Somo la Kufikiri kwa Penseli

Usanifu michoro, fani ambayo mitaani hujulikana zaidi kwa jina la grafiki, ni taaluma ya kupanga maandishi, picha, rangi na nafasi tupu juu ya karatasi, kitambaa au kioo cha simu ili ujumbe umfikie mlengwa upesi na bila kupotoshwa. Kazi zake zimo katika lebo ya dawa ya mtoto, karatasi ya kura, tiketi ya basi, jalada la kitabu cha darasa la tatu, kadi ya mchango wa harusi na bango la ukutani kwenye zahanati. Hata hivyo, katika shule nyingi za sekondari za Afrika Mashariki fani hii huwekwa pembeni, na pale inapotajwa, jambo la kwanza linaloulizwa ni kama shule ina kompyuta. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo linaanzia mwisho wa safari, kwa kuwa kiini cha somo ni nidhamu ya kufikiri inayojengwa kwa penseli, rula na hoja, na kompyuta huja baadaye kuiharakisha kazi ambayo akili imekwisha kuipanga.

Shina moja, matawi mawili

Somo hili lina matawi mawili ambayo mitaala mingi imezoea kuyatenganisha. La kwanza ni mchoro wa kiufundi, yaani mchoro unaoonesha umbo na vipimo vya kitu kwa kanuni zinazokubalika kila mahali, kiasi kwamba fundi aliye mbali anaweza kukitengeneza bila kumwuliza mchoraji neno lolote. La pili ni usanifu wa mawasiliano, unaoshughulika na macho na akili ya msomaji: aone nini kwanza, aelewe nini, kisha atende nini. Istilahi ya Kiingereza inayolitaja tawi hili la pili hunasibishwa na msanifu wa vitabu wa Marekani, William Addison Dwiggins, aliyeitumia mwaka 1922, ingawa kazi yenyewe ni ya zamani kuliko jina lake.

Kwamba matawi hayo yanatoka katika shina moja kunathibitishwa vizuri na ramani ya treni za chini ya ardhi za London. Aliyeibuni, Harry Beck, alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi, na alitambua kwamba abiria aliye chini ya ardhi hahitaji kujua umbali halisi kati ya kituo na kituo, kwa kuwa anachotaka kujua ni ashuke wapi na abadilishe treni wapi. Kwa hiyo aliacha mizani ya ramani ya kawaida, akatumia mistari ya mlalo, ya wima na ya nyuzi 45 peke yake, akavipanga vituo kwa nafasi zinazokaribia kulingana, na juu ya ardhi akabakiza mto Thames tu. Pendekezo lake lilikataliwa mwanzoni, lakini ramani ilipotolewa kwa abiria mwaka 1933 ilipokewa vizuri sana, na leo ramani za usafiri wa miji mingi duniani zinafuata njia hiyohiyo.

Mfano huo una somo la karibu kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam, ambako mabasi ya mwendokasi yalianza kutoa huduma mwaka 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, yenye tawi la kwenda Morocco na jingine la kwenda Gerezani, Kariakoo. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayeambiwa aichore njia hiyo kwa namna ambayo mgeni aliyeshuka mjini kwa mara ya kwanza ataielewa kwa kuitazama mara moja, analazimika kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke, na uamuzi huo hufanyika kichwani kabla mkono haujashika penseli.

Nafasi ya somo katika mitaala

Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985 uliyaweka matawi hayo katika masomo mawili ya kuchagua: Sanaa na Usanifu, lililoelekea kwenye uchoraji na ubunifu wa mapambo, na Uchoraji na Usanifu, lililoelekea kwenye vipimo na uhandisi. Mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya mfumo huo umeleta somo la utangulizi wa ufundi katika shule za sekondari za chini, na wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10 walioingia sekondari ya juu Januari 2026 walichagua mojawapo ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na sayansi ya michezo. Ugumu wa usanifu michoro ni kwamba unastahili kuwapo katika njia ya kwanza na katika njia ya tatu kwa wakati mmoja, na mwanafunzi anayeupenda huenda akajikuta amegawanyika.

Tanzania ina urithi wa shule za sekondari za ufundi, zikiwamo za Ifunda, Moshi na Tanga, ambako vizazi vya wanafunzi vimefundishwa mchoro wa kihandisi kwa bikari, seti skwea na ubao wa kuchorea, wakati somo la sanaa za ufundi limekuwa likifundishwa katika shule chache kwa mtazamo wa sanaa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, imegawa elimu ya sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, neno amali likimaanisha kazi za ujuzi wa vitendo zinazomwezesha mhitimu kujiajiri au kuajiriwa. Hatua hiyo inaufungulia usanifu michoro mlango mpana kuliko ilivyokuwa zamani, lakini mlango huo una hatari yake: somo likiingia kwa jina la amali na kufundishwa kama mafunzo ya kubofya vitufe vya programu fulani, mhitimu atakuwa na stadi inayochakaa pamoja na programu hiyo.

Hatua za kazi: mfano wa lebo ya asali

Wasanifu hufuata hatua zinazofahamika, na hatua hizo ndizo somo lenyewe. Kazi huanza na maelezo ya kazi, yaani maandishi mafupi yanayosema mteja ni nani, ujumbe unamlenga nani, utatumika wapi na kwa gharama gani; hufuatiwa na uchunguzi, kisha rasimu nyingi za haraka za penseli, uteuzi wa rasimu moja au mbili, majaribio mbele ya watu, na mwisho mchoro kamili wenye vipimo. Kila hatua huhifadhiwa katika jalada la kazi, ambalo mtahini hulisoma ili kuona jinsi fikra zilivyokua, hata pale zilipokosea njia na kurudi.

Chukuliwe mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki wa mkoani Tabora kinachotaka lebo ya chupa ya asali. Mwanafunzi asiye na mafunzo ataanza kwa kuchora nyuki. Mwanafunzi aliyefunzwa ataanza kwa kuipima chupa: ikiwa kipenyo chake ni sentimita 7, mzingo wake ni takriban sentimita 22, na kwa kuwa mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu haoni zaidi ya nusu ya mzingo huo, nayo ikipinda kuelekea pembeni, jina la bidhaa halina budi kukaa ndani ya upana wa sentimita 8 au 9 za katikati. Baada ya hapo atapanga uzito wa ujumbe, yaani kipi kisomwe kwanza na kipi kifuate: neno asali, jina la kikundi na mahali inakotoka, ujazo, tarehe ya kufungashwa, kisha msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine ya dukani, ambao unahitaji nafasi nyeupe pande zote mbili ili usomeke. Atajifunza pia kwamba alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania haiwekwi kwenye lebo kwa sababu inapendeza, bali baada ya mzalishaji kupewa leseni ya kuitumia. Katika kazi moja ya wiki tatu, hesabu, biashara, uraia na sanaa vinakutana juu ya karatasi yenye ukubwa wa kiganja.

Karatasi, nukta na rangi

Hata karatasi ya kawaida ya A4 ni somo. Vipimo vyake, milimita 210 kwa 297, vinatokana na utaratibu ulioanzia Ujerumani mwaka 1922, ambamo karatasi mama iitwayo A0 ina eneo la mita moja ya mraba, na kila inapokunjwa katikati ya upande wake mrefu hutoa karatasi ndogo yenye uwiano uleule wa pande, uwiano wa 1 kwa kipeuo cha pili cha 2. Kwa sababu hiyo bango la A3 hupunguzwa kuwa kipeperushi cha A5 bila kukatwa chochote wala kuvutwa likapinda. Hesabu haiishii hapo: A4 ni sehemu ya 16 ya A0, kwa hiyo karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, na rimu moja la karatasi 500 lina uzito wa kilo 2.5. Mwanafunzi anayeujua mnyororo huo anaweza kukadiria gharama ya karatasi na ya kusafirisha vipeperushi kabla mteja hajamaliza kueleza shida yake.

Kosa linaloonekana zaidi katika mabango ya mitaani, picha kuvunjika na kuwa vijiraba, nalo lina maelezo yake. Picha ya kamera imeundwa na nukta ndogo ziitwazo pikseli, na uchapaji mzuri wa kitu kinachosomwa mkononi huhitaji takriban nukta 300 katika kila inchi, kiasi ambacho kwa ukurasa mzima wa A4 ni pikseli 2,480 kwa 3,508. Picha iliyotumwa na kubanwa kupitia simu mpaka ikabaki na upana wa pikseli 800 haiwezi kuujaza ukurasa huo bila kufifia. Mchoro wa vekta, kwa upande mwingine, huhifadhiwa kama maelezo ya kihisabati ya mistari na mikunjo, hivyo hukuzwa kutoka ukubwa wa kitufe hadi ukubwa wa ukuta ukibaki mkali uleule, na hii ndiyo sababu nembo hutakiwa ichorwe kwa njia hiyo.

Rangi nazo zina kanuni mbili zinazopingana. Kioo cha simu hutoa mwanga, na rangi zake hujengwa kwa kujumlisha nyekundu, kijani na buluu hadi kufikia weupe. Mashine ya uchapaji hutumia wino unaomeza sehemu ya mwanga, na rangi zake hujengwa kwa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachong'aa kwenye simu hufifia kwenye karatasi kwa sababu hiyo, na mteja anayelalamika kwamba rangi yake imebadilishwa anastahili maelezo ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuyatoa ikiwa alifundishwa fizikia ya mwanga kwa kutazama kazi halisi.

Kanga kama kitabu cha kiada

Somo hili mara nyingi huletwa shuleni kama mgeni aliyevuka bahari, hali ukanda wa pwani umekuwa na usanifu michoro wa hali ya juu kwa zaidi ya karne moja. Kanga ilishika umbo lake Unguja na Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na jina lake jingine, leso, ambalo bado linatumika Mombasa, linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono. Muundo wake ni kanuni kamili ya mpangilio wa ukurasa: pindo linalozunguka pande nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yanayokaa sehemu ya chini ya mji. Ndani ya kanuni hiyo isiyobadilika, maelfu ya miundo yamezaliwa, na hakuna darasa linaloonesha vizuri zaidi kwamba mipaka ni chakula cha ubunifu.

Kanga ina upana wa takriban mita moja na nusu na urefu unaozidi kidogo mita moja, na huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana ambavyo mnunuzi hukata na kupinda mwenyewe. Msanifu wake hana budi kuiona ikiwa imevaliwa: pindo liangukie wapi, jina lisomeke vipi kitambaa kikiwa kimezungushwa mwilini, mji ukunjweje bila kupoteza sura. Hana budi pia kufanya kazi kwa rangi chache, kwa kuwa kila rangi huchapwa peke yake, na rangi moja isipokaa sawasawa juu ya nyingine, ukingo wa umbo huacha ufa mweupe. Historia yake inatoa hata somo la nembo, kwani kanga za mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza shughuli zake mwaka 1887, zilitambulika kwa herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Maneno ya kanga yaliandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, kisha yakahamia kwenye herufi za Kirumi, na uchapaji wake, uliokuwa ukifanyika nje, ukaingia nchini Tanzania kupitia viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968. Mwalimu mwenye doti moja ya kanga ya mama yake ana vifaa vya kufundishia muhula mzima.

Herufi na maumbile ya Kiswahili

Fonti, yaani seti ya herufi zenye sura moja, hufundishwa kwa kawaida kwa mifano ya lugha nyingine, na hapo mwanafunzi hukosa jambo muhimu, kwamba kila lugha ina maumbile yake ukurasani. Kiswahili huambatanisha viambishi, hivyo neno moja kama "watakapoyashughulikia" lina herufi 21 na hubeba maana ambayo lugha nyingine zingeigawa katika maneno kadhaa. Katika safu nyembamba ya gazeti, neno kama hilo huacha mapengo makubwa kwenye mstari, au hukatwa na programu iliyotengenezwa kwa kanuni za Kiingereza, ambayo huweza kuligawa neno "nyumba" baada ya herufi m, ilhali silabi za Kiswahili ni nyu na mba. Mwanafunzi anayejua kwamba silabi za lugha yake kwa kawaida huishia na irabu anao msingi wa kuisahihisha mashine.

Hali ni hiyohiyo kwa kialama kidogo cha ng'. Fonti isiyokichora vizuri, au msanifu anayekiacha kwa haraka, hubadilisha neno lenyewe, kwa kuwa kung'oa ni kuchomoa, na ngoa ni wivu. Usahihi wa lugha na usahihi wa mchoro ni kazi moja, na mwalimu wa Kiswahili anapaswa kuwa mgeni wa mara kwa mara katika darasa la usanifu.

Mahali pa kompyuta

Yote yaliyotangulia hayapunguzi thamani ya kompyuta, ila yanaonesha mahali pake. Kompyuta ya Macintosh ilitoka mwaka 1984, programu ya kupangia kurasa ya PageMaker ikafuata mwaka 1985, Illustrator ya kuchorea vekta mwaka 1987 na Photoshop ya kuhariri picha mwaka 1990, na kwa miaka hiyo michache kazi iliyohitaji chumba kizima cha mafundi wa matbaa ikahamia juu ya meza moja. Lakini PageMaker, iliyoanzisha mapinduzi hayo, haipo tena. Mwaka 1999 ilitoka InDesign, ikachukua nafasi yake hatua kwa hatua. Aliyekuwa amefundishwa vitufe vya PageMaker pekee alibaki na ujuzi wa chombo kilichozikwa, na aliyekuwa amefundishwa ukingo, safu, uzito wa ujumbe na nafasi tupu alihama na maarifa yake yote.

Shule zenye kompyuta chache hazilazimiki kusubiri fedha za programu za kulipia, kwa kuwa zipo zinazotolewa bure na zinazotosha kabisa kwa kiwango cha sekondari: Inkscape kwa vekta, GIMP kwa picha na Scribus kwa kurasa. Wanafunzi 40 wanaochora rasimu kwa penseli darasani, kisha wakaingia kwa zamu kwenye kompyuta 5 kila mmoja akiwa na mchoro uliokamilika mkononi, hutumia mashine kwa tija zaidi kuliko wanafunzi 40 wanaoketi mbele ya vioo 40 bila wazo.

Ujio wa akili mnemba, yaani programu zinazozalisha picha na maandishi kwa kuagizwa kwa maneno, unaipa hoja hii uzito zaidi. Picha sasa inapatikana kwa sekunde chache, lakini kuagiza vizuri ni kuandika maelezo ya kazi, na kuchagua kati ya picha kumi ni kutoa hukumu yenye sababu. Mashine haijui kwamba chupa imepinda, kwamba mnunuzi wa Tabora anasoma kwa miwani, wala kwamba jina la kijiji limekosewa herufi. Somo linapaswa pia kufundisha haki ya aliyetangulia kubuni, inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kwa Tanzania Bara na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kwa Kenya, ili kijana ajue mapema kwamba kuchukua mchoro wa mwingine mtandaoni na kuubandika kwenye fulana za biashara ni wizi, na kwamba kazi yake mwenyewe nayo ina mlinzi.

Kipimo cha haki cha somo hili, basi, ni swali moja linaloulizwa juu ya kila mstari, kila rangi na kila nafasi iliyoachwa tupu: kwa nini hapa? Mwanafunzi anayeweza kulijibu mbele ya mwalimu, mteja na mtahini, na akakubali kufuta pale jibu linapokosekana, ameupata usanifu michoro, awe amechora kwa kipanya au kwa mkaa. Shule inayotaka kuanza muhula ujao inahitaji rimu la karatasi lenye kilo mbili na nusu, penseli na rula za kutosha, doti moja ya kanga, na mwalimu ambaye hachoki kuuliza swali hilo.